Usumba

Kijikaratasi bado kipo msumarini:
Ussi Pandu. Amplifaya. Inavuma. Elfu arubaini na tano. Bado.
Wino umegeuka rangi ya chai ya jana.

Aliniletea mwaka ule wa kiza,
waya wa baharini ulipokatika, Unguja nzima
ikarudi kwenye vibatari na kelele za majenereta.
Bendi ya magitaa ya umeme, na umeme hakuna.
Walikaa ngazini, jumba namba tano, Michenzani,
wakipiga nyuzi kavu, tiki tiki,
kama kuku wanaodonoa bati.
Umeme ukarudi. Wao hawakurudi.

Vuai aliipeleka mikono yake Maskati,
ikashika usukani wa lori la maji.
Mcha akaenda Nungwi kuwaimbia wageni wimbo mmoja,
miaka kumi na nne, shati lile lile la maua.
Ussi akauza barafu Mwanakwerekwe.
Tukikutana, mimi simuulizi deni, yeye haniulizi amplifaya.
Stahi ya namna hiyo nzito kuliko deni lenyewe.

Hadi Shaabani iliyopita, kaja na kijana wa kubeba.
"Fundi, umeshaitengeneza?"
"Bado inavuma."
"Basi usiiguse. Nipe na mvumo wake."
Nikaifuta vumbi kwa kipande cha kanga.
Habari ya pesa ikanikwama kooni, nikaimeza.

Jana kaniletea albamu, imo kwenye flashi ndogo kama kucha.
Wameiita Usumba.
Mamake, Bi Mize wa Bwejuu, kamsomesha kwa kamba,
kwa hivyo anajua anachokisema:
makumbi hufukiwa pwani, topeni,
maji yajae juu yake, yatoke, miezi na miezi,
mpaka yanuke, mtu apite kaziba pua.
Ndipo yafukuliwe, yapondwe,
na kilichokataa kuoza ndicho kamba.

Nyimbo tisa. Nimerudisha mlango nusu.

Wa kwanza unaingia kama jenereta isiyotaka kuwaka,
inakohoa, inakohoa, halafu inashika
na misumari yangu inatembea mezani.
Wa pili mwepesi, mtu angeweza kuuchezea harusini
asijue kama umekusudiwa kumliza.
Wa tatu hauna gitaa kabisa:
wanawake wa Bwejuu wanaponda, pu, pu,
na Mcha chini yao anapita na besi
kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.
Wa tano una fidla. Wallahi, fidla!
Inalalama kitaarabu, gitaa linaijibu kwa lugha nyengine,
na wanaelewana, kama majirani wa ghorofa moja.
Wa sita sikuupenda. Ngoma za kompyuta; Vuai yuko wapi?
Nimeuruka. Mwanangu kaurudisha mara tatu.

Lakini wa nane.

Wa nane hauna haraka na mtu.
Sauti ya Ussi imebanduka ukingoni
kama bakuli la bati lililokwisha kuanguka mara nyingi.
Pale alipokuwa akipanda zamani, sasa hapandi.
Anasimama chini ya ngazi, anapaangalia,
na kule kupaangalia kunatosha.
Na kabla hajafungua mdomo,
sekunde nne, tano za kimya
ambacho si kimya:
mmmm.

Naujua ule. Kepasita ya pili, mkono wa kushoto.
Miaka yote hiyo umelala chini ya meza yangu
nikiuita ubovu.

Bi Tatu kaja kuchukua blenda yake, kasimama mlangoni.
"Kelele gani hizi, Fundi, saa hizi za mchana?"
Nikamsogezea kigoda.
"Kaa. Bado mmoja."